Asiyekubali Hakai

Mama Pasi hakupenda mikutano, na sababu haikuwa siri: ni magoti. Baada ya kutwa nzima kwenye meza ya pasi, magoti yalidai haki yao. Na pale kwa madobi mkutano ulianza watu wote wakiwa wima. Jambo likitajwa, aliyekubali alikaa, asiyekubali alibaki amesimama, na hakuna aliyekwenda kwake mpaka wa mwisho akae. Basi yeye karibu kila mara alikuwa wa kwanza kukaa. Wenzake walimtania kwamba hata wakiamua kuichoma moto nyumba yake, atakaa kwanza ndipo aulize ni nyumba ipi.

Utaratibu huo waliubuni wenyewe. Zamani mahali pale palikuwa na tajiri, mtu wa suti na simu mbili, ambaye siku moja alitoweka. Aliacha mashine, matangi ya kuloweka, nguo za watu na mishahara isiyolipwa. Wafanyakazi walingoja, wakachoka kungoja, wakavunja kufuli wakafua. Kilichopatikana waligawana sawa, na kazi zikaenda kwa zamu, leo kwenye matangi, wiki ijayo kwenye kamba. Meneja hawakumtaka, ladha ya meneja walikuwa wanaijua. Kila mmoja alileta kiti kutoka kwake, na mwenye kiti ndiye mwenye neno. Yupo aliyeleta kigoda, yupo aliyeleta cha plastiki kilichofungwa kamba, na dereva alileta cha gari lililokwisha kufa.

Zamu ilimruka mtu mmoja tu. Mama Pasi hakuondoka kwenye meza yake. Mkono wa pasi alikuwa nao, hilo hata mwenye wivu angekubali. Wateja walileta mashati wakisema wanamtaka yule mama. Naye aliipenda pasi kuliko alivyowahi kumpenda marehemu mumewe, na alisema hivyo mbele ya ndugu wa marehemu.

Ndugu mwenyewe alikuwa Spana, fundi wa mashine, na ndiye aliyeleta habari ya hospitali. Hospitali ilitaka mashuka yake yafuliwe kila siku, na jibu ilitaka jioni ileile. Kazi hiyo ingehitaji watu watatu zaidi. Spana akapendekeza wachukuliwe vibarua, walipwe kwa siku, bila viti. Hospitali ikijitoa, nao wanaambiwa asanteni, kila mtu na njia yake.

Watu wakakaa kwa furaha, viti vikalia. Mama Pasi akabaki amesimama.

Mwanzoni walidhani magoti yamegoma kukunjika. Dereva akamsogezea kiti, yeye akakirudisha kwa mguu.

"Shemeji, kaa," Spana akasema. "Watu wanangoja jibu."

"Mimi nilikuwa kibarua," Mama Pasi akasema. "Kabla tajiri hajaniandika nilisimama pale getini kila asubuhi nikingoja kunyooshewa kidole. Wewe, na wewe, na wewe. Siku kidole kikinipita, wanangu walilala na njaa. Leo kidole ni chetu? Sikai."

Penye wengi pana mengi, na siku ile yalitoka yote. Bibi Povu, shoga yake wa siku nyingi, aliyekuwa akilea wajukuu kwa mikono yake mwenyewe, alimwambia waziwazi kwamba kugawana na watu watatu zaidi ni kupunguza kwenye sahani za wajukuu wale. Hakusema uongo. Spana naye alikuwa na hoja: mwenye kiti hafukuzwi, na kazi ikiisha watabaki wanatazamana. Halafu, mgala muue na haki yake mpe, ni yeye aliyekuwa amehangaika kuibembeleza ile hospitali. Mama Pasi aliwasikiliza wote, akakiri kwamba hata yeye kodi ya nyumba ilikuwa imemkaba koo, na akabaki palepale. Chai ililetwa, akainywa akiwa wima, mkono mmoja umeshika ukuta. Aliogopa. Alijua kazi ile ikiponyoka watamchukia, na watakuwa na haki.

Kanuni ilitaka aliyesimama aulizwe nini kitamkalisha. Bibi Povu ndiye aliyeuliza, kwa sauti chachu.

"Viti vitatu," Mama Pasi akajibu. "Tangu siku ya kwanza. Kazi ikiisha, tutakonda wote."

Spana alitazama simu yake, akatazama miguu ya shemeji yake inavyotetemeka, akaitukana mashine moja iliyokuwa imezimwa na haina kosa, kisha akasema, "Haya." Ikabidi wote wasimame tena ili wakae upya. Bibi Povu alikaa wa mwisho, akakigeuza kiti na kumpa mwenzake mgongo.

Basi watatu wakaja na viti vyao. Wawili walikuwa wasemaji. Wa tatu, mwanamke mwembamba aliyepangiwa matangi, hakusema kitu, wakamwita Kimya. Mikutanoni alikaa, akaondoka. Fedha za hospitali ziliingia, sahani za wajukuu hazikupungua, na Bibi Povu akasamehe bila kusema kwamba amesamehe.

Ndipo Spana, kwa nia njema kabisa, akaleta jambo dogo la shukrani: iwe kanuni sasa kwamba meza ya pasi ni ya Mama Pasi mpaka atakapochoka mwenyewe. Watu wakapiga makofi, wakakaa. Kimya akabaki amesimama.

"Zamu ni ya wote au si ya wote?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kuisikia sauti yake. "Mikono yangu imebabuka. Na mimi nataka kuijua pasi. Mama akiugua kesho, nani mwingine anaijua?"

Bibi Povu akasonya. "Huyo ndiye uliyemsimamia," akamnong'oneza Mama Pasi.

Ilimuuma, tusifichane. Alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu. Neno la kumkalisha mtu yule alikuwa nalo tayari mdomoni, na alijua lingetosha, kwa maana Kimya alimheshimu na alikuwa anatetemeka pale alipo. Ni huko kutetemeka kulikomfanya alimeze.

"Nini kitakukalisha?" akamuuliza.

"Siku mbili kwa wiki."

"Moja."

Kimya hakukaa. Spana akataka kusema kitu, Mama Pasi akamnyamazisha kwa mkono.

"Mbili basi," akasema, na Kimya akakaa.

Jumatatu Mama Pasi alifika mapema kama kawaida yake, akaikuta pasi imekwisha kushikwa. Akapandisha mikono ya gauni, akaenda kwenye matangi, ikabidi amuulize Bibi Povu sabuni inatiwa kiasi gani.