Kigae Nilichoshuka Nacho Kilimani

Ukitaka kujua umeficha nini maishani, ndugu yangu, hama nyumba. Tulipohama Mtoni kwenda Goba, ndani ya kopo la vifungo nilikuta kipande cha sahani, cha bluu na nyeupe, kidogo kuliko kidole gumba. Nikakaa chini palepale, mizigo ikanisubiri.

Kigae kile nilikiiba nikiwa na miaka tisa.

Likizo za shule mimi na binamu zangu wawili tulipelekwa kisiwani kwa bibi, huko kusini. Siku moja katika kila likizo alitupandisha kilimani, kwenye mji wa kale: kuta za mawe zilizobomoka, kisima kikavu, msikiti usio na paa. Tulibeba mafagio, ubani na mihogo ya nazi. Kwanza tulifagia, ndipo tukala, na mihogo ile sijapata kula tena mfano wake. Vipande vya sahani vilitapakaa kila mahali, lakini bibi alikuwa na sharti moja: hakuna kushuka na kitu.

"Vyombo vya watu hivyo," alisema. "Nyie msidhani wenyewe wamehama."

Pale njia inapoanza kuteremka alitukagua mikono, akakung'uta hata pindo za kanga. Mwaka ule nikajiona mjanja, nikakitia kigae mdomoni. Nilichosahau ni dua. Baada ya kutukagua, bibi alikuwa akiwaombea wenye mji, nasi tukiitikia. Binamu zangu wakasema amin. Mimi nikabana midomo, mchanga ukinikwaruza ulimi.

Bibi akashusha mikono taratibu. "Nimepanda na watatu. Mbona nimeitikiwa na wawili?"

Nikatazama miguu yangu. Hakuniambia nifungue mdomo. Alijitwika kapu lake, akatangulia kushuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliungoja mshindo huo hadi likizo ikaisha. Haukuja. Alifariki nikiwa kidato cha pili, bila kuniuliza tena. Angenichapa ningeshasahau.

Basi likizo iliyopita nilikirudisha kigae kisiwani, nikiwa na binti yangu. Nyumba ya bibi imebaki msingi. Binamu zangu wametawanyika, kila mmoja na mji wake. Njia ya kilimani imemezwa na vichaka, na huko juu hakuna anayefagia tena. Nilifagia kwa tawi, nikakiweka kigae karibu na kisima. Mahali hasa nilipokiokota sikupakumbuka, na hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe.

Njia ilipoanza kuteremka nikasimama. Nikakung'uta kanga, nikanyoosha viganja.

"Mama, unamwonesha nani?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia, bibi yangu. Kisha nikafungua na mdomo, nikaitikia ile amin.