Kucha za Soksi

Mtaani walimwita Mama Biskuti, ingawa biskuti hakuwa nazo hata moja. Mfukoni mwa aproni yake mlikuwa na vipande vya maini ya kuku, yamechemshwa na kukatwa vidogo vidogo, na siku ya joto ukikaa naye karibu huhitaji kuambiwa. Kwenye foleni ya benki watu walimpisha bila kuombwa. Mwanawe, mtu wa ofisini na wa kuvaa tai, kila akija kula kwake alimbembeleza aivue aproni na kuiacha nje. "Mama, jamani, kesho nitanuka mimi." Yeye alicheka tu. Alikuwa mwalimu wa mbwa, na mbwa hafundishiki kwa manukato.

Zamani alikuwa mpishi wa shule. Mlangoni mwa jiko lile palikuwa na koko mmoja, yaani mbwa asiye na mwenyewe, na mlinzi alimtandika kila alipomwona. Baada ya fimbo zote zile mbwa alikuwa amejifunza jambo moja tu, kumwogopa mlinzi. Mpishi akaanza kumtupia kipande kila alipomkuta amekaa chini kimya. Haikupita muda, koko akawa anakaa kimya mlangoni asubuhi hadi jioni, ametulia kama mgeni mwalikwa. Mama Biskuti alistaafu na somo hilo, na lilimfaa kuliko kiinua mgongo.

Kwa hiyo hakuwa na fimbo wala mnyororo, na sauti hakuipandisha. Mbwa akifanya jema, alipiga kidoko kwa ulimi, tk, na ini likafuata papo hapo. Akifanya ovyo, alimgeuzia mgongo. Wajuaji walimcheka, eti anawahonga mbwa. "Na wewe kazini unafuata nini," aliwauliza, "salamu?"

Swali lake kwa kila aliyemwita lilikuwa moja: nani anamlipa? Mbwa anabweka getini mchana kutwa, nani anamlipa? Ni wewe, unayetoka mbio kumfokea, naye alikuwa amechoshwa na upweke na alichotaka ni utoke. Mbwa anadandia wageni, nani anamlipa? Ni shangazi yako, anayempapasa huku anasema acha, acha. Tabia inayolipwa hudumu, isiyolipwa hufa. Mambo ya mizimu hakuyaamini wala hakuyakataa, hayakuwa na kazi kwake.

Ndipo akaja fundi saa. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, mwenye alama ya duara kuzunguka jicho moja kwa sababu ya ile lenzi ya kazi. Mke wake alifariki mwaka uliopita, akamwachia nyumba, cherehani na mbwa. Sasa ameoa tena.

"Mke wangu amesema wazi," alieleza huku akiangalia viatu vyake. "Mbwa au yeye. Nilimpeleka mbwa kwa kaka yangu, mbali, akarudi kwa miguu. Nimeshaongea na daktari wa mifugo. Mwisho wa mwezi mbwa akiwa bado hivi, anakuja na sindano ya kumlaza moja kwa moja."

"Bado hivi vipi?"

"Njoo uone mwenyewe, mama. Nikikuambia utaniona nimechanganyikiwa."

Alikwenda alasiri, jua likiwa limelala sakafuni na redio ya jirani ikiimba. Nyumba ilikuwa safi, ya vigae vyeupe, na haikuwa na lolote la kumtisha mtu. Mke mpya alikuwa msusi, mwanamke wa vidole vyepesi, na alimpokea kwa adabu. "Usinione mkorofi, mama. Simchukii. Ila siwezi kuishi na kitu nisichokielewa."

Mbwa aliitwa Soksi, kwa kuwa alikuwa wa kahawia mwili mzima na miguu yote minne myeupe. Alikuwa amelala barazani. Ghafla aliinua masikio, akanyanyuka, akapita katikati yao kama mtu aliyeitwa, akaenda chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na cherehani ya miguu, imefunikwa shuka, na mbele yake kigoda. Soksi akakaa mbele ya kigoda na kuinua mguu wa mbele wa kulia.

Mama Biskuti ameshikana mikono na mbwa wengi maishani. Anajua kwamba mbwa akitoa mguu usipopokewa, unatetemeka, unachoka, unashuka. Huu haukutetemeka. Ulikaa hewani umelegea, mzito, umepumzika juu ya kitu. Baada ya muda ukashuka, ukapanda wa kushoto. Kisha mbwa akageuka taratibu na kutoa ya nyuma, mmoja, na mwingine. Alipomaliza alijikung'uta, akatoka zake na kwenda kunywa maji.

"Kila siku," msusi alinong'ona.

Mama Biskuti aliingia, akapiga magoti, akapekua chini ya kigoda na nyuma ya cherehani. Alitafuta makombo, harufu, chochote ambacho mbwa angekifuata. Hapakuwa na kitu. Basi akamwita Soksi na kufanya anachofanya kwa kila mbwa kabla ya somo: akamtazama meno, akapekua nyuma ya masikio kama kuna kupe, akapapasa mbavu, akashika miguu. Hapo akasimama.

"Nani anamkata kucha?"

Mume alimtazama mke. "Si wewe?"

"Mimi? Mimi hata kumgusa naogopa."

Kucha zilikuwa fupi, zimekatwa sawasawa, na ncha zimepigwa tupa zikawa laini. Ilikuwa kazi ya mkono wenye subira, tena ya juzijuzi. Fundi saa alikitazama kigoda. "Marehemu ndiye aliyekuwa anamkata," akasema. "Pale kwenye kigoda, akishamaliza kushona. Na kipande cha nyama kila mguu."

Mwili ulimsisimka Mama Biskuti, asiseme uongo. Lakini alikuwa ameitwa kuokoa mbwa, na mwezi haumsubiri mtu. Alitandika mkeka sebuleni na kusema, "Hatumkatazi kwenda. Tutamlipa vizuri zaidi hapa, mpaka aache mwenyewe." Fundi alipotaja kufuli alimkatalia katakata, kwa sababu kufuli humfunza mbwa kukuna mlango na si zaidi. Kisha akavua aproni yake na kumvalisha msusi. "Na mlipaji ni wewe, binti yangu."

Mwanzoni msusi alirusha maini kutoka mbali kama anayelisha simba. Kidoko chake kilitoka kama busu, wakacheka wote, hata Soksi akatikisa mkia. Siku zilivyokwenda mkono ukasogea. Alijifunza kusugua bakuli la maji kila asubuhi badala ya kuongezea tu juu ya ya jana. Alijifunza kumwacha mbwa aje mwenyewe, na kumpa kipande kabla ya kitana kumgusa na kipande baada ya kitana, hadi kitana kikawa habari njema. Hapo ususi ukamwingia. Alimchana mgongo kama mteja wa siku ya harusi, huku akimsema kwa mba na kwa kutojitunza, na Soksi alifumba macho kwa raha.

Alasiri moja masikio yaliinuka kama kawaida. Soksi alisimama kwenye korido, akautazama mlango wa chumba cha nyuma kwa muda mrefu, akalia kidogo puani. Kisha akageuka, akaja kulala mkekani. Tk, akapiga msusi, akamwaga maini yote yaliyobaki mfukoni, akamkumbatia shingo na kulia.

Daktari wa mifugo aliambiwa asije. Mama Biskuti aliona fahari, na haki yake. Ni fundi saa tu ambaye hakuonekana kufurahi. Alikaa na kikombe chake cha chai hadi kikapoa. "Kwa hiyo haendi tena kabisa?" aliuliza.

Kucha za Soksi zikaanza kukua. Mtu alizisikia kwenye vigae, taka, taka, taka, nyumba nzima. Na baada ya siku chache msusi akapiga simu, sauti imekauka. "Mama, njoo. Cherehani inatembea."

Ilikuwa inatembea kweli. Chini ya shuka kanyagio lilipanda na kushuka, bila nguo, bila uzi, wakati uleule ambao zamani Soksi angekuwa amekaa pale. Lilikwenda, likasimama, kama anayesikiliza. Likaenda tena. Mama Biskuti alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, na ndipo kosa lake likamdhihirikia, likamwuma kuliko woga wenyewe. Siku zote hizo alitafuta nani anamlipa mbwa. Mbwa hakuwa amelipwa hata punje tangu mazishi. Mbwa ndiye aliyekuwa mlipaji. Kila alasiri alipeleka mguu wake, na yule aliyekuwamo ndani akaupata, akaridhika, akatulia kwenye kigoda chake bila kumsumbua mtu.

Na sasa malipo yamekatwa. Hilo alilijua vizuri, ndiyo kazi yake. Tabia iliyokatiwa malipo haifi kimya kimya. Kwanza huchachamaa. Mtoto aliyezoeshwa pipi dukani, siku ukimnyima anagaragara chini hadi watu wa nje wanachungulia, na wazazi wengi hushindwa hapohapo.

Aliwakalisha sebuleni. "Itazidi," aliwaambia. "Itakuwa mbaya kuliko hivi. Msiende kutazama, msijibu, msimtaje kwa jina. Mkijibu mara moja tu wakati imepamba moto, mmeifundisha kwamba ikizidisha italipwa, na haitaondoka tena maisha. Mkivumilia, itakwisha."

"Itakwisha," fundi alirudia. "Ina maana yeye ndiye atakwisha?"

Mama Biskuti aliinama kumkuna Soksi masikio. Alikuwa amezoea kuulizwa habari za mbwa.

Ikazidi kweli. Kesho yake alasiri walikuwa wamekaa wote watatu, Soksi mkekani, mkono wa msusi mgongoni mwake. Cherehani ilikwenda mbio hadi vikombe vikatikisika kabatini. Kigoda kikaburutwa. Soksi alitetemeka, kipande cha ini mdomoni, hakukitema wala hakukimeza. Msusi alifumba macho na kupiga kidoko, akapiga tena. Kisha kila kitu kikanyamaza kwa mpigo. Mama Biskuti akajiambia sasa ndiyo inakufa.

Ndipo ikaja sauti kutoka chumba cha nyuma. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka na kazi.

"Jamani, hakuna mtu?"

Fundi saa alisimama.

Mama Biskuti alimdaka mkono wa shati. "Fundi, usimlipe. Ukijibu leo, hataondoka tena."

"Najua, mama," alisema kwa upole, akivibandua vidole vyake kimoja kimoja. "Umenieleza vizuri sana." Akamgeukia mkewe, akamgusa bega. Akaenda. Walimsikia akisukuma mlango. Walimsikia akisema, "Nipo. Mimi nipo," na akikaa sakafuni kwa kishindo.

Halafu ikasikika sauti ndogo, kali, ya chuma: ke. Ikapita pumzi, ke tena. Mtu alikuwa anakatwa kucha mle ndani, taratibu, bila haraka, kidole kwa kidole. Waliisikiliza hadi mikono yote miwili ikaisha.

Msusi hakupiga kelele. Alikusanya nguo zake kwenye begi moja, akachukua kitana, akachukua bakuli la maji. Mlangoni alishika kamba ya Soksi lakini hakuivuta. Alingoja. Mbwa alitazama korido, akamtazama yeye, akatazama korido tena. Aliyekuwa amesema mbwa au yeye alisimama pale machozi yanamtiririka, akimngoja mbwa aamue. Soksi alimeza lile ini alilokuwa nalo mdomoni muda wote ule, akamfuata.

Wanaishi wawili sasa, chumba cha nyuma ya saluni, na wateja wanamletea Soksi mifupa asiyoruhusiwa kula. Fundi saa hajahama nyumba yake. Mama Biskuti alijipa moyo siku moja akapita dukani kwake, akijidai anataka saa yake itazamwe. Alimkuta amekonda sana. Lakini mikono ilikuwa misafi kupita kiasi, kucha fupi, sawasawa, ncha zimepigwa tupa. Aliifungua saa, akaipuliza vumbi, akairudisha na kukataa kulipwa. Kisha akaanza kufunga duka, na jua bado lilikuwa juu.

"Mapema hivi, fundi?"

"Nawahi nyumbani, mama," alisema, akitafuta ufunguo. "Nikichelewa analia."