Kimondo Jikoni kwa Rehana

Rehana wa Kitaya hakuwa mtu wa kubabaishwa ovyo. Alimzika mume, akalima mihogo peke yake, akasomesha watoto wanne. Lakini tangu Jumatatu kichwa kilikuwa kikimzunguka, na aliyemzungusha ni jiwe.

Lilikuwa moja ya mafiga yake, jeusi, zito kuliko ukubwa wake. Marehemu mama yake aliliokota shambani, akalipikia miaka thelathini, na Rehana hakurithi kingine. Jumatatu hiyo Yustina, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akipita vijijini, aliomba maji ya kunywa, akaliona, akaligusisha sumaku. Ikanasa.

"Mama, hiki ni kimondo," alisema. "Jiwe lililoanguka kutoka angani. Tungeomba tukalipime."

Rehana alisema atafikiri. Afikiri nini? Utotoni, chuo cha Kurani, alifundishwa kwamba vimondo ndivyo wanavyopigwa navyo mashetani wanaodukiza habari za mbinguni. Sasa hili ni silaha ya malaika, au limeshamgusa shetani? Na futari zote zile zilizoivia juu yake?

Kaka yake Mohamedi hakuwa na mashaka. Hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe. "Ijumaa tunamsomea mama hitima, na siji kula chakula cha jiwe hilo," alisema. "Ama ulitoe, ama ulitwahirishe. Mara saba, moja kwa udongo."

"Hiyo si ya chombo alichoramba mbwa, kaka?"

"Kwani shetani ana nafuu kuliko mbwa?"

Hitima bila mtoto wa kiume wa marehemu ni aibu, na kulitoa jiwe Rehana hakuweza. Alhamisi akalibeba uani, akalisugua kwa udongo na makumbi ya nazi. Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi. Ya saba yalitoka safi, akafurahi, akalitazama.

Hakulijua. Lilikuwa la hudhurungi, lina vishimo kama unga uliobonyezwa na vidole. Masizi yale, tabaka juu ya tabaka, yalikuwa moto wa mama yake, na sasa yamekwenda migombani. Akalia, asijue hasa analilia nini, maana jiwe lenyewe lipo.

Siku ya hitima Mohamedi alikula sahani mbili. Yustina aliporudi, alikuta jiwe limefungwa kwenye kanga, liko mlangoni.

"Kweli unatupa, mama?"

"Chukueni," Rehana alisema. "Hilo ni lenu. La mama nimeshalimwaga."