Ramani ya Mwalimu Udongo

Wanafunzi walimwita Mwalimu Udongo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alifundisha maabara ya sayansi ya dunia kwa mwaka wa kwanza, darasa ambalo wengi huingia kwa sababu mengine yamejaa. Zoezi lake kuu lilikuwa moja: kila mwanafunzi alete udongo wa nyumbani kwao, autie kwenye chupa ya maji, atikise, asubiri. Mchanga hutua chini, tope laini juu yake, udongo wa mfinyanzi mwisho kabisa. Majibu aliyapaka rangi kwenye ramani ya mji iliyotundikwa ukutani. Mji karibu wote ukawa wa njano, yaani mchanga, na hakuna mgeni aliyetoka mle bila kuhubiriwa habari hiyo. Sisi walimu wenzake tulishajifunza kumkwepa.

Dada yake alipotaka kujenga, alimwuliza kama msingi uende chini zaidi. Mwalimu akatazama ramani, akaona njano, akamwambia mchanga hauvimbi kwa mvua na kusinyaa kwa jua kama mfinyanzi, asijisumbue. Dada akajenga.

Mvua zilipopita na jua kurudi, ukuta wa sebule ulipasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Dada alimwambia kila aliyeuliza kwamba mdogo wake ni msomi na amepima, kwa hiyo kosa ni la fundi. Maneno yalienea, fundi akakosa kazi mtaa mzima.

Wiki hiyohiyo chupa za darasa jipya zilipangwa mezani. Mwalimu akazipitia, akasimama. Katika kila chupa vilielea vipande vya rangi ya buluu. Mawe yaliyozunguka bustani ya maua nyuma ya bweni yalikuwa yamepakwa buluu majuzi tu. Alipouliza, darasa zima likatazama viatu.

"Mwalimu, hata waliotutangulia walituambia tuchote pale," mmoja akasema.

Ramani aliishusha mwenyewe. Tulikuwa tumeingoja sana siku ya kumcheka, lakini ilipofika hakuna aliyeweza.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Hakukalia kiti alichokaribishwa. Akaeleza akiwa amesimama kwamba mji wote ule wa njano ulikuwa bustani moja, na kwamba fundi hana kosa.

Dada aliufuata ufa kwa kidole.

"Kwa hiyo udongo wangu hukuwahi kuushika?"

"Sikuwahi, dada."

"Na kutoka chuoni hadi hapa ni kwa mguu tu. Mimi nilikuwa nawaambia watu huji kwa sababu umebanwa na kazi."

Mwalimu alitoka nje, akachuchumaa chini ya ukuta na kuchimbua kwa mikono. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, ukamganda vidoleni. Akaomba maji ya kunawa.

"Usinawe kwanza," dada akasema. "Nenda hivyohivyo kwa fundi."

Akaenda.