Blanketi la Kompyuta

Harufu ya blanketi la sufu linapoanza kupata moto naijua vizuri mno. Ndiyo harufu ya sebule yetu kule Kilolo, msimu wa baridi nilipokuwa darasa la tano, ukungu ukigoma kuondoka mlangoni hadi jua linakaribia utosini. Baba alikuwa amefariki wakati wa mahindi mabichi. Alituachia kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imetumika, na ndani yake video moja fupi: yeye mwenyewe akiimba besi kwenye kwaya ya usharika, kisha akikohoa na kucheka. Hatukuwa na video yake nyingine, wala nakala ya hiyo popote.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikaa mbele ya kile kioo, mama, mdogo wangu Neema na mimi, tukimenya viazi huku tukisubiri iwake. Mwanzoni kiazi kimoja kilitosha. Baridi ilipozidi tukawa tunamaliza sufuria nzima, na kile kiduara bado kinazunguka tu. Mama ni mtu wa kufunika vitu. Redio, makochi, hata chupa ya chai ilikuwa na kitambaa alichokifuma mwenyewe. Basi alipoona kompyuta inazidi kuwa nzito, akatoa blanketi alilojifunika baba hospitalini, akalizungushia lile boksi na kulikaza kwa kanga. Jiko la mkaa akalisogeza karibu. Sikuona ajabu. Miezi ile sikuona ajabu kitu chochote, wala sikulia; nilimenya viazi.

Jumapili moja ikazima yenyewe kabla haijafika popote. Tukaiwasha, ikazima tena. Neema akauliza kama baba ndiyo amekwisha. Mama akampigia simu baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisini Ipogolo. Alipofika aligusa blanketi, akaurudisha mkono haraka.

"Shemeji, hii inaungua! Kompyuta haisumbuliwi na baridi, inataka kupumua."

"Si yumo humo ndani, shemeji," mama akasema. "Nilidhani anaona baridi."

Baba mdogo aliliondoa blanketi. Aliifungua, akaipangusa feni vumbi na majivu kwa brashi ya viatu, akaiacha ipoe. Alipoiwasha, ikawaka hadi mwisho. Akaziondoa programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe kila mara, kisha akanakili video kwenye flashi. Mama alikuwa amelikunja blanketi na kulipakata. Baba akaimba, akakohoa, akacheka. Neema alipiga makofi. Mimi nilitazama kama ninavyotazama taarifa ya habari.

Siku hizi naishi Mbeya mjini, na video ile imo kwenye simu yangu. Hufunguka papo hapo, kabla sijajiandaa, na ndiyo maana siifungui. Zamani nilipewa sufuria nzima ya kujiandaa. Ila mama akija kunitembelea, huiomba. Huilaza simu mapajani, huifunika kwa kanga yake, na anataka tusubiri kwanza. Tunasubiri. Mikono yangu haina viazi vya kumenya, nami sijui niiweke wapi.