Kaske ya Papa Darasani

Nimechoka, lakini sijamaliza kuandaa somo la historia la wanafunzi wangu. Mezani iko kaske, kofia ngumu ya mgodini, bado inanuka jasho la Papa, baba yangu.

Nilipokuwa mtoto, kampuni ya mgodi ilifungwa, Papa akabaki nyumbani bila kazi. Shuleni hatukuwa na vitabu, basi mwalimu akatuomba tulete vitu vya kazi vya wazazi. Nilichukua kaske bila kuomba. Papa akaifuata hadi darasani.

“Mutoto, unataka kuiuzisha?” akaniuliza.

“Papa, ikala kwanza,” mwalimu akamwambia, akimsogezea kiti. “Batoto banataka kujua.”

Papa akaivaa, akasimulia yeye na wenzake walivyochoma mahindi juu ya mashine, tukacheka sana. Alipofikia siku ya kufungwa kwa kampuni, akaivua.

“Kutoka hapa, mwalimu, endelea weye.”

Mwalimu akalikatiza somo hapo. Kesho, mbele ya wanafunzi wangu, nitaanzia hapo Papa alipoachia.