Miguu Mbele, Fomu Nyuma

Nimeambiwa "subiri" kwa lugha sita, lakini sijakutana na mtu anayelichukia neno hilo kama mama mmoja, mpiga picha wa mionzi aitwaye Miguu Mbele.

Jina alipewa kwa dhihaka. Majeruhi wa ajali akiletwa kwenye mashine ya CT kupigwa picha mwili mzima, wenzake walimwingiza kichwa kwanza. Mipira ya dripu ikavutika, wakamtoa, wakamgeuza, wakaanza upya. Yeye alimlaza miguu mbele, mipira yote ikabaki nje upande wa kichwa, akamaliza bila kumgusa tena.

Hilo walimsamehe. Kosa lake lilikuwa kutosubiri fomu ya kuomba picha. Daktari wa dharura akisema "mwili mzima", yeye alibonyeza. Fomu ingejazwa mashine ikizunguka. Mkuu wa idara akamwandikia barua: akirudia, anahamishiwa stoo ya mafaili.

Adhuhuri ya siku hiyohiyo Miguu Mbele alimfuata ofisini, barua mkononi.

"Nitakwenda stoo, bosi. Ila kwanza njoo ulale kwenye machela."

"Mimi ni mgonjwa?"

"Umeanguka kutoka ghorofa ya tatu. Na usijibizane, taya limevunjika."

Wauguzi walioshika machela mlangoni wakageukia ukuta kuficha kicheko. Mkuu, mtu wa kubishana hata na kivuli chake, akalala ili aonekane haogopi. Wakamfunga kola shingoni, wakambandika mipira kwa plasta, wakamsukuma hadi mlango wa chumba cha mashine. Hapo wakasimama.

"Mbona hatuingii?"

"Fomu, bosi. Inasubiri saini."

"Saini ya nani?"

"Yako. Iko mezani kwako."

Akatazama dari: taa moja na doa la maji lenye umbo la kiatu. Kola ilimkaba. Dakika ya sita alitaka kuinuka. Mama yule akamrudisha kwa kidole kimoja kifuani.

"Unavuja damu ndani. Wapi, sijui, na picha ndiyo ingeniambia. Tulia kama wengine."

"Basi, mama, nimeelewa."

"Yule mwashi aliyeletwa Jumanne, zamu ya wenzangu, alikaa hapo ulipo dakika kumi na moja."

"Akawaje?"

"Katazame fomu yake. Imejazwa vizuri sana."

Mkuu akarudisha macho kwenye doa lile. Dakika ya kumi na moja akavua kola mwenyewe. Hakuomba radhi, watu wa aina yake huomba kalamu. Nyuma ya barua ileile akaandika: *Mgonjwa aingie kwa neno la daktari, fomu ifuate.*

"Na muhuri," akasema Miguu Mbele.

Mkuu akaenda kuuleta mwenyewe, plasta bado mkononi.

Karatasi hiyo imebandikwa mlangoni. Upande wa pili bado unamtishia stoo. Nilimuuliza kwa nini hakudai nakala safi.

"Ya nini? Siku akinichoka, aje aigeuze mbele yangu."

Machela yenye majeruhi ikafika mbio. Akanisogeza kwa kiwiko, ikaingia, miguu mbele, na mlango ukafungwa usoni pangu.